Kutoka kwenye madeni ya simu na kadi, kwa sie watu wa Malindi tunaoishi kwa msimu

Ushauri mwingi wa madeni umeandikiwa mtu ambae mshahara wake unaingia mwisho wa mwezi, kiwango kile kile, mwaka mzima. Sasa uchukue huo ushauri umpelekee weita wa hoteli za Casuarina, ama dereva wa tuktuk anaebeba wageni kutoka Mayungu, ama mvuvi wa hapa mjini, uone kama utamfaa. Huku pesa yaja Disemba na Januari, yaja tena kidogo Julai na Agosti, alafu Pasaka ikishapita masika yaanza, kusi lavuma bahari yachafuka, na hoteli zengine zafunga kabisa watu waambiwa wakapumzike nyumbani bila malipo. Deni nalo halijui hayo. Kadi ya mkopo ya benki yataka chake kila mwezi, M-Shwari, ule mkopo wa kwenye M-Pesa, kila siku 30, na Fuliza, ile ya kukujazia M-Pesa ikipungukiwa, kila kukicha. Ndo mana huu mwongozo nimeupanga kwa msimu.

Mie nashinda kwenye kibanda cha M-Pesa karibu na soko, kwahivo simu za watu na nyuso za watu naziona kwa pamoja, na deni linaloumiza watu sana mara nyingi si lile kubwa.

1. Andika kila kitu, kwa mkono, kwenye daftari

Usiandike kwenye simu. Simu ndo ilokuingiza, na ukiifungua kuandika utakuta meseji ya "umehitimu mkopo wa 5,000" imekungoja hapo. Nunua daftari la shilingi ishirini. Wenzangu Waislamu tunajua aya ndefu kuliko zote kwenye Qur'ani, Baqara 282, ni ya kuandika madeni, kwahivo hapa hakuna mpya ninalolileta.

Kwa kila deni andika: nani anakudai, imebaki ngapi, inaongezeka shilingi ngapi kwa mwezi, tarehe ya kulipa, na ukichelewa nini kinatokea. Hiyo ya tatu ndo watu hawaijui. Mtu akwambia nadaiwa elfu sita, umuulize zinazaa ngapi kwa mwezi, ashika kichwa.

Fuliza utaiona kwa *234#, M-Shwari iko kwenye menyu yako ya M-Pesa, kadi omba statimenti benki. Zile apu fungua moja moja. Kama umekopa mahali pengi mpaka umesahau, kuna CRB, kampuni zenye leseni za kuweka rekodi za mikopo ya watu, kama vile TransUnion, Metropol na Creditinfo, na kila moja una haki ya kuiomba ripoti yako bure mara moja kwa mwaka. Alafu nenda dukani mwambie mwenye duka akufungulie daftari lake mhesabu pamoja. Simu ulochukua ya lipa mdogo mdogo pia ni deni, wengi hawaiandiki mpaka siku inajifunga yenyewe.

Wavuvi, nyie mna deni jengine la kuandika, la tajiri. Tajiri amekununulia nyavu ama mashine, hakutozi riba hata moja, lakini samaki wako wote lazima umuuzie yeye kwa bei yake. Tuseme ufukweni kilo ni 350 na yeye achukua kwa 280, ukileta kilo kumi kwa siku umelipa 700 siku hiyo na deni la nyavu bado liko pale pale halijaguswa. Andika hiyo 700. Kwa hesabu hiyo tajiri ndo mkopo ghali kuliko wote ulonao, na mara nyingi ndo wa kwanza kuumaliza ama kuubadilisha ukawa wa kulipa kiasi fulani kwa wiki huku wauza samaki unakotaka.

Tuchukue mfano mmoja twende nao mpaka mwisho. Huyu weita nimemuunganisha kutoka kwa watu kadhaa, namba ni za mfano tu:

Kadi ya mkopo ya benki 60,000
M-Shwari 8,000
Fuliza 6,000
Apu ya mkopo 4,500
Dukani 3,200
Dadake 10,000

Jumla 91,700. Macho yote yaenda kwenye ile 60,000. Sasa tuweke zinavyozaa. Kadi tuseme 3.5% kwa mwezi, hiyo ni 2,100. M-Shwari ada yake ni 7.5% kwa siku 30, yani 600, na ukipitisha wanakuongezea siku 30 nyengine pamoja na 7.5% nyengine. Fuliza tuseme ada ni 25 kwa siku, mwezi 750. Apu tuseme 15%, hiyo 675. Dukani sufuri, dada sufuri. Jumla ni 4,125 kwa mwezi, na hapo hujapunguza hata shilingi ya deni lenyewe. Hizo ni pesa za unga wa mwezi na zaidi, zinaenda kulipia ruhusa ya kuendelea kudaiwa.

Na angalia vizuri: yale madeni madogo matatu ya simu, 18,500 kwa jumla, yanakula 2,025, karibu sawa na kadi ya 60,000. Ndo mana nikasema si lile kubwa.

2. Kalafati kwanza, ndo ufue maji

Mtu wa bahari hafui maji chomboni kutwa nzima huku tundu liko wazi. Hapa tundu ni ule mzunguko wa kukopa huku ulipe kule, apu inalipwa na Fuliza, Fuliza inalipwa na M-Shwari, M-Shwari inalipwa na apu mpya ya jina usilolijua. Kila ukizunguka unaacha ada njiani na deni linabaki lile lile, ila wewe unajiona ni mlipaji mzuri kwa sababu limiti zinapanda. Limiti kupanda si sifa, ni chambo.

Kadi iweke ndani ya sanduku nyumbani, na kama umeihifadhi kwenye apu za kununulia vitu itoe. Usiitumie kutoa kesi kwenye ATM kabisa, manake kwa kawaida ukinunua kitu kwa kadi na ukalipa bili yote kwa wakati hutozwi riba, lakini ukitoa kesi unakatwa ada hapo hapo na riba yaanza siku ile ile. Na ukishabakisha salio la mwezi uliopita, ile nafuu ya siku bila riba kwa kawaida hupotea hata kwa manunuzi mapya, kwahivo lile dumu la mafuta ulonunua leo supamaketi linaanza kuzaa leo.

Fuliza yataka maelezo kidogo. Juzi hapa kibandani mama karanga mmoja, hawa wauza samaki wa kukaanga, kaja na simu yake, katumiwa 3,000 za samaki na mwenye mkahawa. Akanisomesha meseji mbili. Ya kwanza yasema umepokea 3,000, ya pili iko chini yake hapo hapo yasema 3,000 zimetumika kulipia Fuliza, salio la M-Pesa 0.00. Akasimama kidogo, akafunga leso yake vizuri, akaniambia "mwanangu, na kesho alfajiri nanunua samaki kwa pesa gani?" Akafuliza 2,000 hapo hapo mbele yangu. Kesho yake hadithi ni ile ile, na kila akifuliza kuna 1% ya kuingilia alafu na ada ya kila siku.

Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba ada ya kila siku ya Fuliza inakwenda kwa madaraja, na kuanzia 2,501 kwenda juu daraja ni moja. Yani ukidaiwa 6,000 ukalipa 2,000 ukabaki na 4,000, ada ya siku ni ile ile. Kulipa nusu nusu kwa hivo hakukupi nafuu mpaka ushuke daraja ama umalize. Mama kama huyu namshauri hivi: mtaji wa kesho usipite kwenye laini yenye Fuliza, wateja wakulipe kesi, kila jioni utoe 500 uiweke pembeni kwenye mkebe, siku mkebe ukifika deni lote umelipa kwa mpigo, alafu siku hiyo hiyo ingia *234# ujitoe Fuliza kabisa. Siku hiyo hiyo. Ukilala nayo asubuhi utaitumia. Na fanya hivo ndani ya siku 30, usiache ipitilize.

3. Tumbo, kodi, dawa, shule, nauli ya kazini

Haya yanakuja kabla ya mdai yeyote, hata apu ikupigie mara ishirini kwa siku. Mtu alokosa nauli ya kwenda kazini hawezi kulipa deni la mtu. Andika kiwango chake kwa mwezi kwenye ukurasa wa pili wa daftari, tokeni za stima ndani, kinachobaki ndo cha madeni. Kama hakibaki kitu ruka moja kwa moja hatua ya 4.

4. Zungumza nao kabla ya tarehe, si baada

Huku kwetu mtu akidaiwa abadilisha njia, apita uchochoro wa nyuma ili asipite mbele ya duka. Mwenye duka kakuona wiki mbili hupiti, kashajua. Ni bora uende mwenyewe, asubuhi wakati duka halina watu, na uende na pesa kidogo mkononi, usiende mkono mtupu:

"Shikamoo ami."
"Marahaba mwanangu, umepotea."
"Sijapotea ami, nimekuja kwa ile hesabu. Naona ni 3,200. Hoteli imefunga mpaka Julai. Leo nimekuja na 400, na kila Ijumaa ntaleta 200 mpaka tufunguliwe. Na mpaka niimalize sitachukua tena kwa daftari, nikija nanunua kwa kesi."
"Wallahi mwanangu ungekuja zamani."

Maneno matatu ndo yanafanya kazi hapo: kiasi, siku, na kutochukua tena. Ukisema "ntakulipa ami Inshaallah mambo yakikaa sawa" hujasema kitu, kila mtu amwambia hivo.

Benki nako ni mazungumzo yale yale ila kwa karatasi. Kabla hujakosa malipo, nenda tawini ama andika barua pepe useme hivi: nafanya kazi ya msimu, mwezi wa tano na wa sita sina mapato, naomba kadi ifungwe kwa matumizi, na salio ligeuzwe liwe mkopo wa kawaida wa miezi kadhaa wenye riba ya chini. Ambatisha barua ya hoteli inayosema umepewa likizo bila malipo, hiyo yasaidia sana. Walichokubali wakupe kwa maandishi. Afisa akikwambia "wee lipa tu kidogo kidogo tutaangalia" hiyo si makubaliano, kesho yuko tawi jengine.

Na ikitokea mkopo wa benki umeshaharibika, kuna sheria nzuri watu hawaijui, kifungu cha 44A cha sheria ya mabenki, kinachotumika tangu 2007. Riba ya mkopo ulioacha kulipwa haiwezi kupita kiasi cha deni kilichokuwepo siku lilipoharibika. Kama lilikuwa 40,000, riba itaongezwa mpaka 40,000 basi, inasimama, zinabaki gharama za kudai tu. Benki ikikuletea hesabu ya laki na nusu waulize kwa adabu kuhusu 44A, alafu usikilize jibu lao.

Shailoki, yule mkopeshaji wa mtaani, ni mtu wa namna yake. Kama kachukua kadi yako ya ATM na namba ya siri, nenda benki leo uifungie uchukue mpya, manake mwisho wa mwezi ataitoa mshahara wote na kukurudishia atakachopenda. Ukishaifunga ndo ukazungumze nae, ukiwa na shahidi mzee wa mtaa ama imamu, mkubaliane kiasi cha wiki mwandike. Deni lake la asili lilipe, usije ukamdhulumu mtu kwa kuwa yeye ni mkali.

5. Upangaji: nani alipwe mwanzo

Wote wapewe kile kidogo cha lazima, alafu chochote cha ziada kiende kwa mmoja tu, yule anaezaa sana kwa kila shilingi. Kwa weita wetu: apu 15% kwa mwezi, Fuliza 12.5%, M-Shwari 7.5%, kadi 3.5%, duka na dada sufuri. Kwahivo apu, Fuliza, M-Shwari, ndo kadi. Kuna wanaosema anza na deni dogo upate moyo. Mie sipingi, na bahati nzuri kwenye madeni ya simu yale madogo ndo hayo hayo ya ghali, njia zote mbili zakufikisha pamoja.

Dada sasa. Hapa hesabu na ubinadamu zagongana. Hatozi riba kwahivo kimahesabu ni wa mwisho, lakini yeye nae ana watoto na Idi yaja, na ukimlipa wa mwisho bila kumwambia ataona status yako ya WhatsApp umekula biriani atakasirika na atakuwa na haki. Mpigie: "Dada, ile 10,000 naikumbuka. Naanza na hizi za simu kwa sababu zinanila kila siku, yako naanza kuileta mwezi wa pili, elfu mbili mbili." Na akisema yeye ana shida sasa hivi, panga upya, mpe yeye. Undugu ukivunjika hakuna benki itakayokukopesha mwengine.

6. Kalenda ya msimu, hapa ndo penyewe

Chora miezi 12 ukurasa mzima. Miezi ya pesa iwekee alama, ya njaa iwekee alama nyengine. Alafu weka matumizi makubwa yanapoangukia: ada za shule Januari, Ramadhani na Idi ambazo kila mwaka zasogea nyuma kama siku kumi na moja, Maulidi kwa wenye kwenda Lamu, Krismasi kwa wenzetu, harusi baada ya Idi. Ukimaliza utaona kitu: pesa ya Disemba yote ishakuwa na mwenyewe kabla hujaipata. Ndo mana Februari mtu alokuwa na bahashishi za euro mfukoni anafuliza nauli.

Weita wetu, tuseme Disemba apata bahashishi ya wastani wa 800 kwa siku, siku 26, hiyo ni 20,800 juu ya mshahara. Mshahara uendeshe nyumba, bahashishi nusu yake, 10,400, iende kwenye deni. Apu 4,500 na Fuliza 6,000 ni 10,500, yani Disemba moja hao wawili wamekwisha na pengo la mia hawezi kulikosa. Januari nusu ya bahashishi yamaliza M-Shwari 8,000, kinachobaki kiongeze kwenye ada ya mtoto. Kufikia Februari gharama ya kudaiwa imeshuka kutoka 4,125 mpaka 2,100 na bado hajagusa kadi zaidi ya minimamu, kile kiwango cha chini benki inachotaka kila mwezi.

Sasa kadi. Wanachotaka ni ulipe minimamu, tuseme 10% ya salio, na minimamu inapungua kila salio likipungua, yaonekana kama huruma. Ukifuata hiyo, baada ya mwaka mzima bila kununua chochote bado utadaiwa kama 25,600 kati ya zile 60,000. Ukishikilia 6,000 ile ile kila mwezi hata wakikudai minimamu ya 3,000, wamaliza kwa miezi 13 na riba jumla kama 15,000. Ukiweza 10,000 ni miezi 7 na riba kama 8,500. Kwa mtu wa msimu hesabu haitanyooka hivo, kwahivo fanya hivi: miezi mizuri lipa 10,000, na kabla ya Pasaka uwe ushatenga minimamu za miezi mitatu ya masika, ukae nazo tayari. Usizilipe zote mapema Machi ukafikiri umejinunulia likizo, benki nyengine malipo ya ziada ya Machi hayahesabiki kama minimamu ya Mei, Mei ikifika hujalipa wakupiga faini. Waulize kwao inakwendaje.

Hizo pesa zilizotengwa ziwekwe wapi? M-Pesa la, hapo kila mtu akuona. Kwenye akaunti ya Sacco yenye masharti ya kutoa, ama kwa mama kama mamako ni yule asiyebembelezeka. Wengine watumia chama na kuomba zamu yao ya meri-go-raundi iangukie Mei, na hii mie naipenda kuliko zote: Disemba mpaka Aprili wachangia ukiwa na pesa, Mei wapokea ukiwa huna, na hakuna aliyekutoza kitu. Wahi kwenye mkutano wa kupanga zamu, mana kila alo na akili ataitaka Mei.

7. Kubadilisha deni ghali kwa deni rahisi

Hii yafaa kwa sharti moja, lile la ghali likilipwa lifungwe siku hiyo. La sivyo umeongeza la saba.

Sacco nyingi zatoza 1% kwa mwezi kwa salio linalobaki, na zakukopesha mara kadhaa ya akiba yako ukiwa na wadhamini. 1% dhidi ya 12% au 15%, hapo hakuna mjadala. Shida ni wadhamini, ukikwama wewe zakatwa akiba zao, kwahivo usimchukue mtu ambae humwezi kumtazama usoni. Hustler Fund, ile mikopo ya serikali iliyoanza Novemba 2022, riba yake ni 8% kwa mwaka, na 5% ya mkopo yawekwa akiba, ni rahisi kweli, ila muda wa kulipa ni siku 14 na kiwango cha kuanzia ni kidogo, kwahivo yaweza kuzima apu ya 1,500 wiki ambayo una uhakika pesa yaja, haitakutoa kwenye mambo makubwa.

Alafu kuna njia tunaionea haya bure. Zaka. Kwenye Tauba aya ya 60 wametajwa watu wa aina nane wa kupewa zaka, na wenye madeni, algharimina, wamo. Mtu alokopa kwa matibabu ya mzazi, kashindwa kweli, ana haki ya kwenda kwa kamati ya msikiti wake na daftari lake na kusema. Imamu yule yule akusomea Baqara 280 kwamba mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula, sasa muombe akupeleke kwa mdai wako akamsomee na yeye. Walokopa kwa sherehe nao, kuna msemo kukopa harusi kulipa matanga, sitaki kuwaongezea.

8. Wakianza kukutukana na kupigia watu wako

Tangu Machi 2022 kampuni za mikopo ya simu lazima ziwe na leseni ya Benki Kuu, na kanuni zile zinakataza vitisho, matusi, kupigia watu walioko kwenye simu yako na kukuanika mitandaoni. Orodha ya zenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Ukipigiwa na ambayo haimo, jua unacheza na nani. Wakimpigia bosi wako ama khale yako kule Mambrui aliyekuwa hajui hata umekopa, weka skrinshoti, andika siku na saa na namba, alafu peleka malalamiko Benki Kuu na kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ofisi iliyowekwa na sheria ya 2019. Wanafanya kazi, mwaka 2023 ofisi hiyo ilipiga kampuni ya mikopo ya simu faini ya shilingi milioni 5 kwa mambo haya haya. Malalamiko hayafuti deni lakini, utalipa, kwa utaratibu.

"Tunakuja na polisi" ni maneno ya kutishia. Deni ni kesi ya madai, anaekudai aende mahakamani kwanza. Ukiona karatasi ya mahakama ya kweli imekuja hapo usikae, nenda kajibu kabla ya siku zilizoandikwa.

CRB nayo watu waiogopa vibaya. Deni lisilofika 1,000 halipelekwi huko, hiyo ilibadilishwa 2020. Kabla hawajakuorodhesha lazima wakupe notisi. Ukishaorodheshwa ukalipa, jina halifutiki kesho, rekodi yaweza kukaa miaka mitano ila yaonyesha umelipa, na mwenye kukopesha anasoma tofauti hiyo. Usimpe mtu wa mtaani pesa eti "akusafishie CRB", hakuna mlango wa nyuma.

9. Ukishalipa, funga vizuri

Kila deni likiisha chukua ushahidi. Dukani mwenye duka apige mstari kwenye daftari lake ukiwepo na wewe upige kwako. Apu, kwanza pata meseji ya kuwa umemaliza, piga skrinshoti, waandikie wafunge akaunti yako na wafute data zako, ndo uifute kwenye simu. Ukiifuta tu bila kuwaandikia, namba yako wanayo na wiki ijayo wakutumia ofa ukiwa umekaa barazani huna kitu.

Kadi, omba benki salio la kufunga kwa tarehe maalum, kwa sababu kuna riba ya siku za katikati ambayo statimenti haijaionyesha na watu huacha shilingi 300 pale zikazaa faini mwaka mzima. Lipa, omba barua ya kufungwa, kata kadi kwa makasi kupitia kwenye chipu. Baada ya mwezi mmoja omba statimenti tena uhakikishe ni sufuri na ile ada ya kila mwaka haijaingia, alafu barua iweke pamoja na hati za nyumba na vyeti vya watoto.

Na ile tarehe ulokuwa walipa kadi, iache kwenye kalenda. Ile 6,000 iendelee kutoka siku hiyo hiyo, iende Sacco. Kwa watu wa hoteli nawaambia anzeni hivo kabla ya Machi kuisha, mana meneja huwa atangaza likizo ya bila malipo wiki moja tu kabla.